Hatari na Hasara: Maneno Wanayopewa Wenye Hisa wa Kampuni Changa ya Senema

Mwaka jana niliombwa kuisoma na kuisahihisha tafsiri ya Kiswahili ya waraka mmoja wa matarajio. Walioniomba ni vijana wenye kampuni changa ya kutengeneza filamu na vipindi vya televisheni hapa Dar es Salaam, nao walikuwa wakijitayarisha kuomba ruhusa ya kuwauzia watu hisa. Asili ya waraka iliandikwa kwa Kiingereza, kwa kufuata vielelezo vya Marekani. Na sehemu iliyokuwa ndefu kuliko zote ni ile iliyotaja hatari za mtu kuweka fedha zake katika kampuni. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kurekebisha viambishi na kuondoa maneno ya kigeni yasiyo ya lazima. Nilipofika katikati niliona kwamba makosa ya tafsiri yalikuwa machache sana, walakini tafsiri ile, kwa usahihi wake wenyewe, ingempoteza msomaji. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Yafaa kwanza tujue orodha za namna hii zimetoka wapi. Hazikuzaliwa na ukarimu wa makampuni. Ni zao la sheria. Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya mwaka 1933 iliyomlazimu kila auzaye hisa kwa umma aeleze mambo yote yenye uzito. Mwaka 1995 ikatungwa sheria nyingine iliyozipa kampuni kinga: zikitabiri mambo ya mbele, na utabiri ukakosea, hazitahukumiwa iwapo utabiri huo ulifuatana na maonyo ya maana. Tangu hapo maonyo yakawa ngao, na kila mtu apendaye ngao hutaka iliyo pana. Mwaka 1998 serikali yao iliagiza kwamba sehemu ya hatari iandikwe kwa lugha nyepesi. Mwaka 2005 ikaagiza iingizwe pia katika taarifa za kila mwaka. Na mwaka 2020 ikaamuru kwamba orodha ikizidi kurasa 15, lazima utangulie muhtasari usiozidi kurasa 2. Mtu anayelazimishwa kufupisha maonyo yake, huyo amekwisha kukirishwa kwamba hayasomwi.

Kwa hiyo maandishi haya yana wasomaji wawili. Mmoja ni mnunuzi, ambaye ndiye anayesemezwa. Wa pili ni jaji, ambaye hasemezwi lakini ndiye aliyemo moyoni mwa mwandishi. Mhakiki asipolijua hili ataihukumu fani hii kwa kipimo kisicho chake, kama mtu amlaumuye mshona sanda kwa kutotia vifungo.

Katika biashara ya senema orodha huwa ndefu zaidi, wala si bila sababu. Mwenye duka hununua gunia la mchele, akaliuza nusu, akaona kama watu wanalitaka. Lakini filamu hugharimiwa yote kabla mtu mmoja hajalipa kiingilio. Gandhi ya mwaka 1982 ilipata tuzo 8 za Oscar, na kampuni ya Kiingereza ya Goldcrest, iliyokuwa na mkono ndani yake, ikasifiwa kote. Mwaka 1985 ikatoka Revolution, watu hawakuitaka, na Goldcrest haikuwa tena kampuni ile. Hapa kwetu twajua pia jinsi biashara nzima iwezavyo kusimama juu ya mabega ya mtu mmoja: Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, hawakuomboleza wapenzi wake peke yao, bali na wote waliokuwa wakiishi kwa jina lake. Kuna wezi wa kunakili. Kuna mabadiliko ya vyombo: aliyejizoeza kuuza filamu kwa santuri Kariakoo aliamka siku moja akakuta santuri hazina mnunuzi.

Kuna na jambo moja ambalo watu wa nje hawalijui, nalo ni la hesabu. Fedha iliyotumika kutengeneza filamu haiandikwi mara moja kuwa gharama iliyokwisha. Huandikwa kuwa mali ya kampuni, kisha hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kadiri mapato yanavyoingia yakilinganishwa na jumla ya mapato yote yanayotazamiwa. Na anayeikadiria jumla hiyo ni nani? Ni wakuu wa kampuni wenyewe. Wakikadiria juu, mali huonekana nyingi na faida nzuri. Siku watakayokubali kwamba walikadiria juu mno, mali ile hufutwa kwa mwaka mmoja. Basi vitabu vya kampuni changa ya senema, hata vikiandikwa kwa uaminifu mtupu, ni nusu historia na nusu matumaini. Katika waraka niliosahihisha jambo hili lilipewa sentensi moja, mwishoni kabisa, likiwa limetanguliwa na matetemeko ya ardhi.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa kwanza wa fani hii: haina uzani. Tetemeko, maradhi ya kuambukiza, kubadilika kwa kodi, kufa kwa mkurugenzi, deni lililokwisha kuchukuliwa, vyote hukaa safu moja, kila kimoja na kichwa chake, kama watoto wa shule kwenye gwaride. Msomaji haambiwi kipi kimesimama mlangoni na kipi kiko ng'ambo ya bahari.

Kwa kuwa kampuni ile ya Dar es Salaam haijafika popote, ni afadhali tutazame nyingine iliyokwisha kwenda safari yake yote. Ilikuwako Marekani kampuni ya filamu na televisheni iliyoitwa Chicken Soup for the Soul Entertainment, iliyotokana na kampuni mama ya vitabu maarufu vya kuliwaza nafsi, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1993. Agosti 2017 iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 12 kila moja. Ilikuwa na hisa za madaraja mawili: zile walizouziwa watu zilikuwa na kura moja moja, na zile zilizobaki kwa wakubwa zilikuwa na kura 10 kila moja. Ikanunua kampuni nyingine za filamu. Mwaka 2019 ikaingia ubia na Sony katika Crackle, chombo cha kuonyesha filamu kwa njia ya intaneti. Na Agosti 2022 ikainunua Redbox, kampuni yenye maelfu ya vibanda vyekundu vya kukodishia santuri za filamu madukani. Pamoja na vibanda hivyo likaja deni la Redbox la dola milioni 300 na zaidi, katika zama ambazo watu walikuwa wakiacha kukodi santuri. Mwishoni mwa Juni 2024 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika, ikitaja madeni ya dola milioni 970 hivi na mali ya milioni 414. Siku chache baadaye, mwezi wa Julai, jaji aliamuru ivunjwe kabisa. Wafanyakazi wapatao 1,000 walipoteza kazi, nao kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kukosa mishahara yao.

Sasa tujiulize: yule mtu aliyenunua hisa mwaka 2017 kwa dola 12, kama angaliisoma orodha ya hatari neno kwa neno, angaliona nini? Angaliona mambo ya kweli: kwamba kampuni ni changa, kwamba watazamaji hawatabiriki, kwamba wakubwa wana kura nyingi kuliko yeye. Asingaliiona Redbox, maana haikuwako. Hatari iliyoiua kampuni ile haikuivamia kutoka nje. Ilinunuliwa, kwa mkataba, mezani, kwa kura 10 kila hisa.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu lugha ya orodha hizi hulificha, na Kiswahili, tusipoangalia, hulificha zaidi. Katika waraka niliosahihisha, sentensi kuu ya sehemu nzima, ile inayomwambia mnunuzi kwamba aweza kukosa fedha zake zote, ilikuwa imetafsiriwa hivi: Huenda ukapoteza fedha zako zote. Kisarufi haina kosa. Katika Kiingereza kitenzi hiki hakimlaumu mtu: aliyefiwa, aliyeshindwa na aliyedondosha ufunguo wote hutumia neno hilo hilo. Lakini Mswahili asemaye "nimepoteza fedha" anakiri uzembe wake mwenyewe. Amezidondosha, au hakuzitunza. Mtu anayeambiwa "huenda ukapoteza fedha zako" anausiwa kama mtoto anayetumwa sokoni: zishike vizuri. Yaani mnunuzi, ambaye hana uwezo wowote juu ya mambo yatakayotendwa, amefanywa mtenda wa hasara yake.

Mfasiri aliliona tatizo hilo mahali pengine, akajaribu kuliepuka kwa kuandika: Fedha zako huenda zikapotea. Hapo mtenda ametoweka kabisa. Msomaji atakumbuka jozi za vitenzi vyetu: kupotea na kupoteza, kuharibika na kuharibu, kupungua na kupunguza, kuchelewa na kuchelewesha. Cha kwanza katika kila jozi chaeleza hali ya kitu na kumwacha mtenda nje. Cha pili chamtaka mtenda asimame aonekane. Niliipitia sehemu yote ya hatari kwa kalamu, nikitafuta vitenzi vya aina ya pili vyenye kampuni kuwa mtenda wa jambo baya. Sikupata hata kimoja. Mapato hupungua, filamu huchelewa, mikataba huvunjika, jina huharibika. Kampuni yenyewe hutenda mema tu: inatarajia, inakusudia, inaamini.

Kuna sentensi ya tatu ambayo hakuna kampuni iliyowahi kuniletea, nayo ni hii: Huenda tukakutia hasara. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Mtu hupata hasara, huingia hasara, hula hasara, naye hutiwa hasara na mwenziwe. Kila kitenzi kina mizani yake, na mfanyabiashara wa kawaida huyatenganisha bila kufikiri. Lugha yenye utajiri huo imekuja kuvishwa nguo ya kuazima, iliyoshonwa kwa mwili wa lugha nyingine, kisha twasema haina istilahi.

Niseme kidogo juu ya neno hatari lenyewe. Wako waliopendekeza liachwe, tutumie "riski". Sina ugomvi na maneno ya kuazima. Wataalamu wengine wamedai hata kwamba neno hilo la Kizungu lina asili moja na riziki yetu, katika Kiarabu, ijapokuwa jambo hilo halijathibitika. Ugomvi wangu ni na matumizi. Hatari kwa Mswahili ni kitu cha kukimbiwa. Limeandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na picha ya fuvu la kichwa. Unapoliandika juu ya vichwa vya habari 30 mfululizo, moja katika mambo mawili litatokea: ama msomaji mwoga ataukimbia waraka wote, ama msomaji jasiri ataona kwamba neno limechoka na hataliogopa tena hata linapostahili. Kwa jambo ambalo mtu hulichukua kwa hiari yake kwa kutumaini faida, lugha ina kubahatisha, na ina pata-potea. Mfasiri aliniambia kwamba pata-potea ni neno la wacheza kamari. Ndiyo, na kwa sababu hiyo linasema kweli juu ya sehemu ile ya biashara ya senema iliyo kamari, yaani ladha ya watazamaji. Halifai kwa deni. Deni si kamari. Tarehe yake inajulikana.

Sasa nifike kwenye "huenda", ambalo katika kurasa zile ndilo lililofanya kazi nyingi kuliko maneno yote. Wasomaji wa jarida hili wanajua safari ya neno labda. Asili yake ya Kiarabu, lā budda, maana yake ni kwamba jambo halina budi kuwa; lilipovuka bahari likageuka, likawa neno la shaka. Safari kama hiyo hufanywa na mambo ya kampuni yanapoingia katika orodha ya hatari: jambo lililokwisha kuwa, likipewa "huenda", huwa jambo linalodhaniwa. Wamarekani wameligombania jambo hili mahakamani. Wenye hisa wa Facebook walilalamika kwamba kampuni iliwaambia kuwa matumizi mabaya ya habari za watu yangeweza kuidhuru, hali ya kuwa, kwa madai yao, matumizi mabaya yaliyofanywa na Cambridge Analytica yalikuwa yamekwisha kutokea nayo kampuni yayajua. Mwaka 2023 mahakama ya rufani iliruhusu kesi iendelee. Kampuni ikaenda Mahakama Kuu ya nchi, ambayo ilisikiliza hoja Novemba 2024, kisha mwezi huo huo ikaifutilia mbali rufani bila kutoa uamuzi. Majaji tisa walikuwa wameketi, kwa hakika, kujadili njeo ya kitenzi.

Nasi twaweza kujadili njeo kwa urahisi kuliko wao, maana yetu huonekana. Kiingereza kina vijineno vya kubabaisha vinavyofaa wakati wowote. Katika Kiswahili, -ta-, -me-, -li- na -mekwisha huketi ndani ya kitenzi chenyewe, na mwandishi hana budi kuchagua. "Huenda ukavunjika" si "huenda umevunjika", wala si "umekwisha kuvunjika". Mfasiri akiwa na haya atamwuliza mwenye kampuni: lipi katika haya matatu?

Nami niliuliza. Sentensi yenyewe ilisema kwamba huenda mnunuzi mkuu wa vipindi vya kampuni asiurudishe mkataba wake. Hii ndiyo hatari kubwa ya kampuni changa katika nchi zetu, kubwa kuliko wizi wa kunakili ambao husemwa sana: wanunuzi wa filamu za Kiswahili ni wachache, zamani wasambazaji wa santuri, sasa vituo vichache vya televisheni ya kulipia, na mwenye mnunuzi mmoja hana soko, ana bwana. Nikawauliza vijana wale: mnunuzi huyu, mkataba wake umebaki muda gani? Wakatazamana. Barua ya kukataa ilikuwa imekwisha kufika, miezi miwili nyuma. Hawakuwa na nia ya udanganyifu, na hilo naliamini. Waraka wa Kiingereza ulikuwa umeandikwa kabla ya barua, na kwa Kiingereza sentensi ile ilionekana bado inafaa. Kila mmoja wao alikuwa ameisoma isiwashtue.

Wazee wa pwani, katika biashara ya ubia, walikuwa na maneno ambayo waraka huu haukuyahitaji lakini ungeyafaidi. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Biashara ikienda kombo bila kosa la mtu, mwenye mali hukosa mali yake na mwenye kazi hukosa jasho lake. Lakini ikithibiti kwamba mwenye kazi alizembea au alivuka mipaka ya makubaliano, hulipa yeye. Na mali kauli, ambayo misafara mingi ilibebea bidhaa kwenda bara, jina lake lasema wazi kilichowekwa rehani: kauli ya mtu. Sidai kwamba kampuni ya hisa ya leo iweza kuendeshwa kwa mapatano ya zama za majahazi. Sheria ni nyingine, na mwenye hisa hakai na mkurugenzi barazani. Nadai tu kwamba lugha iliyozoea kutenganisha hasara ya kudura na hasara ya mkono wa mtu ina uwezo wa kuzitenganisha hata katika waraka wa kurasa 80.

Mapendekezo niliyoyarudisha yalikuwa machache. Hatari za kudura zikae pamoja, kwa ufupi, na vitenzi vyake viwe vya kupotea na kuharibika, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyo. Mambo yanayotegemea maamuzi ya wakuu yawe peke yake, na kampuni iwe mtenda wa kila kitenzi: tukikopa, tukinunua, tukikadiria juu. Mambo yaliyokwisha kutokea yaandikwe kwa -me- au -li-, na tarehe zake, mbele ya yote. Ile sentensi moja juu ya makadirio ya mapato itolewe nyuma ya matetemeko na ipewe ukurasa mzima, na filamu zilizopo zitajwe moja moja.

Wakili wao hakupendezwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kwamba maneno ya Kiingereza yamekwisha kupimwa mahakamani, nayo maneno yangu bado, na kwamba "tukakutia hasara" ni kama kujiandikia hati ya mashtaka. Nilimjibu kwamba Kiswahili kitaendelea kuwa hakijapimwa siku zote ambazo mawakili wanakikimbia. Tukabishana nusu ya siku, tukanywa chai, tukabishana tena. "Huenda tukakutia hasara" aliifuta, wala haikurudi. Walakini sentensi ya mnunuzi mkuu ilibaki, baada ya kutiwa kalamu nyekundu mara mbili: Mnunuzi mkuu wa vipindi vyetu amekwisha kutuarifu kwamba hataurudisha mkataba, nasi hatujapata mwingine. Vijana wameahirisha kuuza hisa mpaka wapate mnunuzi.